Kesi ya Simba wa Mkate

Kwa furaha isiyo kifani, Mtukufu Bwana Uguccione, mtawala wa mji wetu wa Monteruvo, alitangaza kuundwa kwa Idara ya Simba, Tai na Wanyama Wengineo wa Ngaoni. Mimi, Vannozzo, niliteuliwa karani mkuu. Karani mdogo hakuwapo.

Mtaalamu tulikuwa naye: Ser Neruccio, mwanasheria aliyetumia miaka kumi na mmoja kuandika kitabu cha kwanza cha elimu ya nembo katika vilima vyetu. Alijua simba atazame upande gani ngaoni na mkia aukunje vipi. Mkewe alikwisha kurudi kwao.

"Andika kwamba simba aliyesimama ni wangu peke yangu," Mtukufu alimwambia. "Ukikataa, kitabu chako ni kuni."

Tatizo lilikuwa Monna Nuta, muoka mikate. Kila mkate wake ulikuwa na mhuri wa simba aliyesimama. Nilikamata vielelezo kumi na viwili. Mahakamani vilifika vinne. Uchunguzi wa awali ulikuwa wa kina.

"Mama, simba huyu umemwiba," nilisema.

"Nimwibe wapi, mwanangu? Mhuri ni wa bibi yangu. Na wewe, futa makombo mdomoni kabla hujashtaki watu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Niliagiza kisiandikwe.

Ser Neruccio alifungua kitabu chake. "Nimeandika hapa: nembo ni ya aliyetangulia kuitumia."

Akaomba ngao ya Mtukufu. Simba wake ana mstari mguuni, ambao sote tumefundishwa kuwa ni jeraha la vita. Akaweka kando yake mhuri wa mbao wa Monna Nuta. Ulikuwa na ufa. Mguu ule ule, mshazari ule ule.

"Mchoraji wa marehemu baba yako alinakili mkate, Mtukufu. Na ufa wake."

"Chana ukurasa huo!"

Ser Neruccio alifumba macho. "Nitachana. Ila mji mzima umeshausikia."

Mtukufu akaanza kububujikwa na machozi. Monna Nuta akamhurumia.

"Basi, baba, nyamaza. Mchukue simba. Ila andika chini yake umemwazima kwa nani."

Hukumu ni hukumu, niliisajili.

Baridi ilipokwisha, jeshi letu lilitoka kupigana na majirani. Bendera ilitangulia: simba, na chini yake, kwa herufi za dhahabu, *Kwa Hisani ya Monna Nuta, Mikate Moto Kila Asubuhi.* Adui wakaisoma, wakashusha mikuki, wakatuma mjumbe. Mtukufu akanyoosha mgongo, tayari kupokea tamko la kusalimu amri.

"Samahani, mzee," mjumbe akauliza, "na ya shayiri ipo?"