Debe Lisilopewa Kitu

Jumamosi, 4 Machi
Mke wangu amempata fundi wa saruji. Anataka nyuma ya nyumba pasakafiwe, aanike nguo bila tope. Nikamwambia pale ni bustani. Akauliza bustani ipi, akatazama kulia, akatazama kushoto. Tumekubaliana: maua yakichanua ifikapo Ijumaa ya tarehe 7 Aprili, fundi hapewi kazi. Tangu nistaafu utunzaji wa stoo, pale ndipo mahali pekee ninapoamka kwenda. Hilo sikumwambia.

Jumapili, 5 Machi
Nimepanda miche ya maua ya zinia katika madebe manne. Moja samadi ya kuku, moja yurea ya dukani, moja mboji niliyoiozesha mwenyewe. La nne ni wazo la jirani, mwalimu mstaafu wa sayansi, ambaye hutoa mawazo juu ya ukuta bila kuombwa. Anasema debe moja lisipewe mbolea, tupate cha kulinganishia. Nimeliita Yatima.
Mbolea nimegawa kikombe kimoja kimoja. Miaka thelathini stoo, sijampendelea mtu.

Jumatano, 8 Machi
Mche wa yurea umeungua wote. Mwalimu aliuliza niliweka kiasi gani. Nikasema kikombe, sawa na wenzake. Akavua miwani. Yurea ni kijiko kidogo, akasema, na maji mengi. Nikamjibu kwamba kwangu hakuna upendeleo. Akaingia ndani kumsimulia mkewe. Niliwasikia wakicheka. Nimechoka na ukuta ule.

Jumanne, 21 Machi
Mboji imeotesha nyanya. Kumi na moja. Sikupanda nyanya. Zinia imo humo ndani, mahali fulani.
Samadi ya kuku imetoa majani mapana ya kujivunia, lakini tumba hata moja hakuna. Na ile harufu. Mama mkwe alikuja kutusalimia, akakaa dakika kumi, akakumbuka ana safari. Angalau utafiti umeleta faida.
Yatima ana matumba matatu. Sikuyaandika kwenye daftari la utafiti.

Alhamisi, 6 Aprili
Kesho ndiyo siku. Yatima amechanua maua saba, mekundu. Nilipaswa kufurahi. Sikufurahi. Nilikaa juu ya ndoo nikafikiri: Yatima akishinda, basi bustani hainihitaji. Mwezi mzima nimebeba samadi kwa mgongo unaouma, kumbe kazi ilikuwa kutofanya kitu.
Nimekwenda kwa mama anayeuza maua kwenye lango la hospitali. Nimenunua matano. Nitayachomeka kwenye debe la kuku alfajiri.

Ijumaa, 7 Aprili
Kufika saa sita mchana maua yangu yalikuwa yameinama. Mke wangu akavuta moja. Likatoka bila mizizi, na mpira wa muuzaji bado umelifunga kwenye bua. Akasema njia ya mwongo ni fupi, na hii yangu haikufika hata chakula cha mchana. Hakufoka. Afadhali angefoka. Mwalimu alikuwa ukutani, kama kawaida yake.
Kisha mke wangu akasimama mbele ya Yatima, muda mrefu. Akauliza na haya nimeyanunua wapi. Nikasema hapo sikufanya chochote. Akasema anaona.
Akampigia fundi simu, asije. Kwa sharti moja: debe hili nisiliguse kabisa, maji atamwagia yeye. Nikiligusa, saruji. Nikaapa. Akaniletea kiti, akakiweka hapo hapo, akasema mzee wangu, ukitaka kuamka uje hapa, njoo tu ukae. Kumbe alijua. Nikakaa.

Jumamosi, 8 Aprili
Nimekaa kitini tangu asubuhi. Bustani ni yangu, saruji haiji, na kuna raha kutazama tu. Nimehesabu maua tisa. Tisa, bila kula chochote. Je, angekula?
Mwalimu alichungulia akaniambia nisithubutu. Sikuwa nimesema neno, alinisoma usoni. Sikio la kufa halisikii dawa, akasema, akashuka.
Mke wangu yuko sokoni hadi saa nane. Nimekoroga yurea kidogo, samadi kidogo na mboji kidogo katika ndoo moja. Kiapo nimekiheshimu, debe sikuligusa. Nimemimina kutoka juu.
Nimerudi kitini. Akija atashangaa.