Manowari Iliyokwama Katelembo

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi. Ukungu haukuondoka vilimani hadi saa nne. Nimemaliza sura ya kumi na moja. Manowari Subira imetobolewa ubavuni na Wafaransa, mwaka ni 1803, na Nahodha Mumo ameumia bega lakini hataki kulala. Huyu Mumo wangu alitoka Ukambani na msafara wa pembe za ndovu, akaingia melini kama mpishi, akapanda cheo hadi nahodha. Ana mabaharia mia mbili na kumi na wawili. Sitini na tatu nimeshawapa majina. Nimekula muthokoi peke yangu.

Mke wangu Kasyoka alienda Syokimau kwa binti yetu Lavender kumsaidia na mtoto. Ilikuwa iwe wiki sita. Huu ni mwezi wa kumi na tano. Mtoto sasa anatembea, anaongea, na juzi alinikatia simu mwenyewe.

Jumamosi hii kilabu chetu cha wasomaji kina siku ya wageni. Mwanachama mmoja atasoma kazi yake, katika kile chumba nyuma ya kanisa. Mwalimu Kamanthe, mwenyekiti, atatusikiliza Jumatano kisha achague. Tumebaki wawili: mimi, na Kinyua muuza matangi ya maji. Kinyua alifanya kazi bandarini Mombasa miaka ishirini, sasa anaandika kumbukumbu zake. Kamanthe amesema Machakos haiwezi kubeba bahari mbili kwa alasiri moja.

Nimempigia Kasyoka, nikamwambia nimechaguliwa. Ni kweli, ila bado haijatokea. Akasema basi atakuja.

Jumanne, 5 Agosti

Mkutano mdogo wa kilabu. Siku mbaya. Nilikuwa nimebandika tangazo langu mlangoni: Hadithi ya Matanga na Mizinga. Mama mmoja wa kwaya alinipa pole, akauliza marehemu ni nani, na kama hiyo mizinga ya nyuki inauzwa. Nilimweleza kwamba matanga ni yale ya meli na mizinga ni ile ya kulipua. Alisema hata hivyo pole.

Kisha Kinyua akafungua sura yangu ya tisa mbele ya watu. Anasema meli ya matanga haiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka. Lazima ikate upande huu, ikate upande ule, na huko ndiko mabaharia huita kubisha. Nikamjibu kwamba kubisha nimeandika. Akasoma kwa sauti: Subira ilibisha, na Wafaransa wakafungua. Watu walicheka. Neno nililitoa kwenye kamusi. Nilidhani ni ustaarabu wa baharini.

Halafu akaniuliza, kwa upole, kama nimewahi kuketi juu ya kitu chochote kinachoelea. Nilisema hilo ni swali la kibinafsi.

Nina mpango. Jioni nimempigia Kinyua kwa laini nyingine, nikiongea kwa pua. Nimejiita Wathome wa Mwala. Nahitaji tangi, aje kesho saa nane kamili, nyumba ya kwanza lami inapoishia. Saa nane kamili ndiyo saa ya kusikilizwa na Kamanthe.

Jumatano, 6 Agosti

Nilifika kwa Kamanthe saa nane kasorobo, shati limepigwa pasi. Akaniambia Kinyua ameomba radhi, ana dharura ya kazi, kwa hivyo kusikilizwa kumesogezwa hadi Ijumaa. Haki ni haki, akasema. Nikasema haki ni haki.

Saa kumi na moja Kinyua alisimamisha pikapu mlangoni kwangu. Alikuwa na furaha. Nyumba ya kwanza lami inapoishia, mwenyewe anaitwa Wathome kwelikweli. Huyo Wathome hakumbuki kupiga simu, lakini mkewe amemsumbua juu ya maji tangu mwaka jana, kwa hivyo aliona ni ishara. Alinunua matangi matatu. Kinyua hajui amshukuru nani. Aliniletea papai kutoka huko.

Nimelila lote. Lilikuwa tamu. Nina hasira.

Alhamisi, 7 Agosti

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi mbili. Nitaeleza kila kitu kwa utaratibu.

Niliamua kumnyamazisha Kinyua kwa ujuzi. Nikishasafiri kwa tanga hataniuliza tena maswali. Mimi ni mtu wa kukodisha tenti za harusi, kwa hivyo turubai, kamba na vyuma nilikuwa navyo. Mapipa manne ya plastiki niliazima dukani kwa Kinyua mwenyewe. Nilimwambia ni ya sherehe. Tuktuk ilinipeleka Katelembo kwa binamu yangu Rodgers, ambaye ana bwawa shambani na hushinda kazini Athi River. Nilifunga mapipa, nikapanga mbao juu, nikasimamisha chuma cha tenti kuwa mlingoti. Tanga lilikuwa turubai langu jeupe kuliko yote. Limeandikwa Hongera Maharusi.

Saa nne niling'oa nanga, yaani jiwe. Kwa muda wa dakika tatu nilikuwa nahodha. Chelezo kilienda. Upepo ulishika Hongera Maharusi, maji yakalia chini ya mbao, na nikaelewa kwa nini Mumo hataki kulala. Nilitaka kumwambia mtu. Hapakuwa na mtu.

Kisha upepo ukaisha. Nilikuwa katikati kabisa. Kasia sikubeba, kwa sababu Mumo hana kasia. Kuogelea sijui.

Nilikaa. Mbuzi wa Rodgers walikuja kunywa maji, wakanitazama, wakaondoka. Mama mmoja alipita na mitungi yake akauliza kama bibi harusi bado hajafika. Nilisema huu ni utafiti. Akasema Mungu anibariki, akachota maji, akaenda zake.

Saa nane nikatoa simu. Niliangalia majina yote. Kasyoka siwezi. Lavender atamwambia Kasyoka. Kamanthe ndiye mchaguzi. Rodgers hakushika. Wengine ni watu waliokodisha tenti mara moja, na kadhaa kati yao walikodisha ya mazishi. Nilifika mwisho wa orodha, nikarudi juu, nikashuka tena. Aliyebaki ni yule yule.

Kinyua alikuja saa tisa. Alisimama ukingoni, mikono mfukoni.

"Umekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Saa nne."

"Unafanya nini?"

"Nilikuwa naangalia upepo."

"Na umeuona?"

Alitoa kamba kwenye pikapu, akapiga kitanzi kwa mkono mmoja bila hata kukitazama, akanirushia. Kilinipata mara ya kwanza. Akanivuta polepole kama mtu anayevuta ndoo asiyotaka imwagike. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Ndani ya pikapu alinipa chai kutoka kwenye chupa. Akasema chupa hiyo ilinunuliwa na marehemu mkewe, Waithira, na tangu afariki mwaka juzi hutengeneza chai ya watu wawili kila asubuhi kwa kusahau. Nilisema chai ni nzuri. Tulipofika barabarani akasema sura zangu huzisoma dukani jioni, na hafungi duka hadi amalize.

"Kuna kitu nataka kukuuliza," akasema. "Yule serahangi, msimamizi wa mabaharia. Mwenye kikohozi. Atakufa?"

Nilimwambia siwezi kumfichulia mshindani siri za kazi. Akasema ni sawa. Aliendesha polepole sana hadi nyumbani. Labda gari lina shida.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimechaguliwa. Kinyua alimpigia Kamanthe asubuhi akajiondoa. Anasema kazi yake haijaiva. Mimi naelewa vizuri kilichotokea. Jana aliona baharia halisi, akaogopa. Mpango wa bwawa umefaulu.

Kamanthe anashauri nisome sura ya saba, ile ambamo Mumo anapokea barua kutoka nyumbani ikiwa imechelewa miaka miwili, anaiweka mfukoni, na haifungui. Anasema alipoisoma alilazimika kuweka chini kazi za wanafunzi. Nilimshukuru. Nitasoma sura ya nne. Ina kurasa thelathini na nane, na zote ni za kamba. Kila kamba ya manowari imetajwa, inafungwa wapi, inavuta nini. Hakuna mtu Machakos aliyewahi kusikia kitu kama hicho.

Jumamosi, 9 Agosti

Watu kumi na wanane. Kasyoka alikuja. Alivaa lile gauni la buluu la kanisani, akaketi safu ya pili, mkoba magotini. Amekonda kidogo, au nimesahau alivyo. Sikuweza kumsalimia kwa sababu Kamanthe alikuwa tayari ananitambulisha.

Nilisoma. Kwenye ukurasa wa tisa wageni wawili walitoka kwa heshima. Kwenye ukurasa wa kumi na tano wengine walitoka bila heshima. Mama wa kwaya alilala, akaamka, akaondoka. Nilipomaliza kamba ya mwisho niliinua kichwa. Walikuwa wamebaki Kamanthe, ambaye ndiye mwenye ufunguo, na Kinyua, na Kasyoka. Kinyua alipiga makofi. Alikuwa ameandika mambo fulani kwenye karatasi.

Kasyoka alitaka kuona nyumba kabla ya kurudi. Nilikuwa nimesahau kwamba turubai bado limeanikwa sebuleni likauke, kutoka dirisha hadi kabati, na vyuma viko juu ya viti. Alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akaondoa vyuma kwenye kiti kimoja, akaketi ukingoni kama mgeni.

"Baba Lavender, huyu nahodha ana mke?"

"Hana. Melini hakuna nafasi."

"Kuna nafasi ya watu mia mbili na kumi na wawili."

Nilieleza kwamba hao wote wana kazi. Wengine wanavuta kamba, wengine wako kwenye mizinga. Mke angefanya nini?

Alitazama turubai. Akasema, "Lavender ametoa chumba. Njoo ukae hata wiki moja. Uandike huko huko. Mimi nitakupikia, na jioni utanisomea, lakini si za kamba."

Nakiri nilianza kuhesabu mashati ya kubeba. Lakini Subira inavuja, na mbele iko Rasi ya Tumaini Jema, na mwandishi hawezi kuhamisha meli katikati ya dhoruba. Nilimwambia nitakuja tukishapita rasi.

"Iko mbali?"

"Sura nne."

Aliosha vikombe. Vilikuwa vingi, tangu Jumanne. Nikamsindikiza hadi steji. Kabla ya kuingia garini alitoa uzi mmoja kwenye mkono wa shati langu, akauviringisha kidoleni, akaingia nao. Nilisimama pale hadi makanga akaniuliza kama naenda au sitaenda.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani, kiti cha nyuma. Nyumbani, wali wa jana.

Nimetafakari kwa nini jana haikufaulu. Si kamba. Kamba zilikuwa sawa. Tatizo ni kwamba manowari ni moja tu, na watu wa siku hizi wanataka mambo makubwa. Nitaongeza ya pili. Mabaharia mia tatu. Leo nimeshawapa majina arobaini, wa mwisho nimemwita Kioko, ana jicho moja.

Saa saba nikasikia hodi. Nilichungulia pembeni mwa turubai. Kinyua, amevaa koti, ana chupa ya chai na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Alisema kwa sauti kwamba amepita tu, amepika githeri ikawa nyingi, na angependa kusikia sura ya kumi na moja kama nina nafasi.

Si mjinga mimi. Mshindani hajiondoi bure. Anataka kuiba mbinu zangu. Nilikaa chini ya meza, nikazuia pumzi. Akapiga hodi tena. Akasema, "Mzee Kitheka?" Alikaa kwenye ngazi kama robo saa hivi, akimimina chai kwenye kifuniko na kunywa. Kisha nikasikia pikapu ikiondoka.

Aliacha sufuria, na karatasi chini yake. Upande mmoja ameandika makosa kumi na saba ya sura ya nne. Upande wa pili, mstari mmoja: Tafadhali huyu serahangi asife. Bila shaka ni ujanja. Nimemuua saa tisa. Githeri ilikuwa bado moto.

Jioni Kasyoka alipiga. Aliuliza kama nimekula. Kisha akauliza meli imefika wapi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli. Nikaona nafasi. Nilimwambia mambo yamebadilika, kuna mchapishaji wa Nairobi amesikia habari za jana, amepiga simu, atakuja hapa nyumbani Jumamosi ijayo, na ingependeza akimkuta mke wa mwandishi.

Akasema basi atakuja, na atabeba kuku.

Imebaki kumtafuta mchapishaji.