Kumuaga Mama Mafaili kwa Mara ya Tatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Viti, Waheshimiwa Wakuu wa Vitengo, makaimu wao na makaimu wa makaimu, wadau wote, mpiga picha, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajitaje mwenyewe kimoyomoyo. (Makofi.)

Leo tunamuaga kwa mara ya tatu Mama Mafaili, mtunza masjala wetu wa miaka thelathini na minne, ambaye mara mbili zilizopita tulimwomba abaki kidogo, kwa kuwa hakuna mwingine ajuaye faili lipi liko kabati lipi. ("Safari hii naondoka, baba. Binti yangu kajifungua, yuko peke yake na kichanga, hata kuoga hapati nafasi.") Hongera sana, mama, ila tusikatizane. (Vicheko.)

Ndugu zangu, ofisi yangu, chini ya uongozi wangu mahiri, na nalisema mwenyewe asije mwingine akalisema vibaya, imebuni Mwongozo wa Kompitensi, Menejimenti ya Vipaji na Urithishanaji wa Madaraka, utakaobainisha, kwa kila kazi, kuanzia yangu hadi ya mfagizi, ujuzi gani unatakiwa na nani anaandaliwa, ili mtu akiondoka pengo lisionekane; na mwongozo huo, baada ya semina kumi na moja ambazo nimezihudhuria kwa asilimia mia, umekamilika kwa asilimia tisini na saba. (Makofi. Sauti ya karani mmoja mwenye mtoto mgongoni: "Wa masjala anaandaliwa nani?") Swali zuri, dada, nimelipokea, litafanyiwa upembuzi yakinifu. (Mama Mafaili: "Mimi niliomba mtu wa kumfundisha tangu huyo binti yangu yuko shule. Mkanipa saa ya ukutani. Mara mbili.") Na leo ni ya tatu, mama, tena hii ina kengele. (Vicheko virefu.)

Kwa hiyo semeni nami: Kipaji! ("Kitunzwe.") Mrithi! ("Aandaliwe.") Lini? ("Keshokutwa.")

Nawashukuru kwa usikivu wenu, na zaidi namshukuru Mama Mafaili, kwani ile asilimia tatu iliyobaki ni kuuandika huo mwongozo wenyewe, na hilo tunaomba atufanyie yeye, akibaki kidogo. (Mama Mafaili anaweka bunda la funguo mezani, anakwapua saa yake, anatoka.) Mama? Hizi funguo, ipi ya wapi? Jamani, kuna anayejua? (Huko koridoni saa inapiga kengele, inakwenda ikififia.)