Kompyuta Iliyorudi Jumatatu

Jumatatu, 3 Oktoba 1994
Kompyuta imefika! Ya mtumba, kutoka Dubai, lakini yetu. Bosi wetu wa duka la uchapaji, Bi Saleha, kaifunika kanga kama bibi arusi. Kazi ya kwanza ni kadi za arusi ya binti wa Bi Thuwaiba wa Mabawa. Waalikwa mia nne na kumi na wawili, kila kadi na jina lake! Bi Thuwaiba kaapa kwamba shoga yake hata mmoja akikosa kadi, Bi Saleha asimkanyagie mlangoni mpaka kufa. Atakayeyatunza majina vizuri atapewa kompyuta. Mwingine atarudi kwenye taipureta. Tuko wawili: mimi na Zebedayo. Yeye kasomea miezi mitatu Dar. Mimi nina kipaji.

Jumanne, 4 Oktoba
Mgao wa umeme. Tumekaa gizani. Zebedayo hana wasiwasi, maana jana jioni alinakili majina yetu tisini kwenye diski, akaiweka katika kopo la biskuti. Eti ni kuandika mstari mmoja tu: amri, halafu C, yaani kompyuta yatokako majina, halafu A, yaani diski yaendako. Nikamwambia nilijua zamani. Akacheka. Nimeiandika daftarini kwa herufi za Kiarabu, asije akaona kwamba namwiga. Yeye Mbondei wa misheni, hata alifu haijui.

Alhamisi, 6 Oktoba
Majina yametimia! Zebedayo kaenda kula. Nikaona leo ninakili mimi, Bi Saleha anione. Nikachukua diski koponi, nikafungua daftari. Nikachapa amri, halafu zile herufi mbili kama zilivyokaa, ya kushoto kwanza. Kompyuta ikauliza kama iweke mapya juu ya yaliyopo: ndiyo, hapana, au yote? Arusini haachwi mtu. Nikajibu yote.

Majina tisini! Nilisahau kwamba Kiarabu husomwa kutoka kulia. Nimeimwaga diski ya Jumatatu juu ya kazi ya siku nne. Kompyuta imerudi Jumatatu, mimi niko Alhamisi, kadi zinatakiwa kesho.

Ijumaa, 7 Oktoba
Nimemwamkia Zebedayo shikamoo. Ni mdogo wangu kwa miaka sita! Nikaungama yote. Hakunigombeza. Akatoa diski nyingine, ya juzi, mfukoni mwa shati: majina mia nne. Kumi na mawili tukayachapa pamoja kabla ya sala. Bi Saleha alipouliza tumechelewea nini, Zebedayo akasema umeme. Nilitoka nje nikalia kidogo. Ndugu wa tumbo moja asingenifanyia hivyo.

Jumamosi, 8 Oktoba
Kompyuta kapewa Zebedayo. Haki yake. Lakini kaniombea kazi ya kunakili kila jioni, nipate kuzoea. Kaniandikia amri kwa herufi kubwa, kaibandika ukutani. Ukutani! Kila mpita njia aisome? Nimeibandua. Sasa imo daftarini, kwa Kiarabu, salama.