Video Tatu za Mama

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeapa. Nimeapa mbele ya mama, mkono umejaa gundi, maana alinikuta kazini nikibandika soli. Kibanda changu cha viatu kiko ubavuni mwa nyumba yetu. Mama akitaka kunigombeza hatembei mbali.

Chanzo ni daktari. Mama alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na sita, na mpaka leo wanaume wenye mvi wakimwona wanatupa sigara. Asubuhi akili yake ni wembe. Jua likianza kushuka, anapotea. Anavua meno ya bandia, anatupa kilemba, anazunguka sebuleni akimwita mama yake, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Miadi yetu hospitali ni ya asubuhi, kwa hiyo daktari hajawahi kuona lolote. Mara ya mwisho mama alimsahihishia sarufi! Daktari akaniomba nimrekodi hali ikimpata, nimletee Ijumaa hii. Ninazo video tatu.

Leo mama ameniambia anajua nimemrekodi. Hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema daktari aone, basi. Mtu mwingine yeyote akimwona bila meno, akilia kama mtoto, mimi si mwanawe tena. Nikaapa. Kisha akaniambia soli imekaa upande. Kweli, ilikaa upande.

Adui namjua: shemeji, mume wa dada. Hawezi kuona simu ya mtu mezani asiishike. Na siku hizi kila alasiri yuko hapa, eti amepita tu kusalimia. Nani anapita tu mara tano kwa wiki? Ikifika saa kumi na nusu namwambia mama amelala, namsindikiza hadi njiani.

Mpango: video nimeziweka kwenye folda niliyoiita Takataka. Nani afungue takataka? Nimejipongeza kwa soda.

Jumanne, 4 Machi

Nilimsahau dada. Dada yangu haoni uchafu akaupita. Ameomba simu apige mara moja, akaona Takataka, akauliza anisafishie. Nilimpokonya simu karibu nimvunje kidole. Akauliza ninaficha mwanamke gani. Nimetia simu mfukoni. Heri adhani nina mwanamke.

Mpango mpya: kufuli. Alama ya kidole imeshindikana. Miaka kumi na minane ya gundi, hata mimi sina hakika kama alama bado ninayo. Kwa hiyo namba ya siri, tarakimu nane zisizo na kichwa wala miguu, shemeji asizibahatishe. Mimi mwenyewe siwezi kuzikumbuka. Nimeziandika kwenye kikaratasi, nikakiingiza chini ya soli ya ndani ya buti moja lililokuwa mezani. Mwizi gani atatafuta kwenye buti?

Leo nitalala usingizi wa pono.

Jumatano, 5 Machi

Mwenye buti amekuja kuchukua buti lake.

Nilikuwa ndani nikimsaidia mama kufunga kilemba. Shemeji, aliyepita tu, ndiye aliyemkabidhi. Hata alilifuta vumbi. Mteja ni dereva wa lori, ameshaondoka na atarudi wiki ijayo. Siri ya mama yangu inakanyagia breki huko barabarani! Shemeji akashangaa mbona nimenuna wakati kazi imetoka. Ningemweleza nini?

Tangu hapo nimebahatisha tarakimu bila kupumzika. Kila nikikosea, simu inanisubirisha zaidi. Saa kumi na moja mama alianza kuita. Nilijibu nakuja. Aliita tena, nikajibu tena. Nilipoingia alikuwa amekaa sakafuni karibu na kabati, amechoka, amenyamaza. Sijui aliita mara ngapi. Nimeona aibu, naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda kwa fundi simu, mama mmoja mwenye miwani minene, duka lake halizidi kabati. Aliigeuza simu, akakwangua kioo kwa ukucha, akasema kuifungua atafungua, ila itabidi aifute. Nikamwambia aifute, tena aifute vizuri, hasa pale kwenye kona, gundi imeganda muda mrefu. Akaniuliza kama kweli nataka aifute yote. Nikamwambia nani anafuta nusu? Akauliza mara ya pili. Nikamwambia mimi pia ni fundi, afanye kazi yake. Akaniangalia kwa huruma. Nilidhani ni kwa sababu ya uchafu.

Baada ya nusu saa nimerudishiwa simu. Inanikaribisha. Inauliza ningependa kutumia lugha gani! Majina ya watu hakuna. Picha hakuna. Video hakuna. Gundi iko palepale kwenye kona.

Nimerudi kibandani nikalia, na sikujificha. Kesho daktari atamwona mama amevaa meno na kilemba, atasema hajambo, atatutakia safari njema. Na saa kumi na moja itafika kama kawaida.

Simu ikadai barua pepe ya mwenyewe. Mimi sina. Nilipoinunua, aliyeniwashia ni shemeji. Kwa hiyo alipopita tu, nilimwita akae. Nikamwambia yote, hata la buti.

Akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha wateja. Akasema video anazo. Siku ile alitumia barua pepe yake, na kila ninachorekodi kinajituma chenyewe mpaka kwake. Ameziona wiki tatu sasa. Hajamwambia mtu, hata mkewe. Ndiyo maana anakuja kila siku, anangoja nimwambie ukweli ili asaidie, na kila siku namwambia mama amelala.

Nimetafuta hasira ya kumpa, sikuipata. Kiapo changu kilivunjika kabla sijaapa.

Ijumaa, 7 Machi

Kwa daktari tulikwenda watatu. Shemeji alitoa simu yake. Daktari akamwomba mama asubiri nje, mama akakataa, akasema mgonjwa ni yeye na shule hii haina siri. Daktari alipomaliza kutazama, mama akanyoosha mkono apewe simu. Akavaa miwani. Akatazama zote tatu, mwanzo mpaka mwisho, na sauti yake mwenyewe ikajaa chumba kizima ikimwita mama yake.

Nilikuwa nangoja anikane.

Akaiweka simu mezani taratibu. Akaniuliza: yule bibi ameita dakika nne nzima, na aliyeshika simu yuko hatua mbili tu kutoka kwake, kwa nini hakwenda kumshika mkono?

Nilitazama viatu vya daktari. Vilihitaji kisigino. Mama hakurudia swali. Daktari akaandika dawa, akasema tumefanya vyema kuja nazo. Mlangoni mama akamwambia shemeji kwamba kuanzia sasa aje saa kumi na moja, hizo saa tisa zake hazina kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimebadilika. Mtu akiulizwa swali kama lile na asibadilike, huyo si mtu.

Saa kumi na moja mama ameanza. Niliacha kiatu na sindano ikining'inia, nikaingia, nikakaa chini, nikamshika mkono. Shemeji akashika mwingine. Mama aliita mara mbili tu, kisha akanyamaza. Akanitazama muda mrefu, akaniita jina la utotoni ambalo sijalisikia tangu nianze shule, akatabasamu kwa ufizi mtupu. Sijawahi kuona uso mzuri namna ile. Machozi yalinitoka.

Jambo kama hili lipotee hivihivi? Nikamwachia mkono, kidogo tu, nikakimbilia simu kibandani. Shemeji alinikazia macho, nikamwambia asiwe na wasiwasi, safari hii nina akaunti yangu mwenyewe.

Niliporudi mama alikuwa ameanza kuita tena. Nimerekodi dakika sita. Hakuna atakayeziona, nimeshapata mahali pazuri pa kuzificha.