Munirudishie Mama Yangu Mwenye Kunyamaza

Koekelberg, mars 2013

Kwa Papa Président Donatien,
Mutuelle ya Bakatanga ba Bruxelles

Papa Président,

Ninakusalimia na heshima yote, wewe na comité yote, hata trésorier mwenye hajibu téléphone.

Ninaandika juu ya ile siku ya sanaa ya Korea yenye chama yetu ya mutuelle itafanya na Bakorea ba hapa Bruxelles samedi ijayo, mu salle ya paroisse. Bantu bote banasifu. Banasema ni undugu, ni ngoma, ni marinda ya rangi. Bon. Anayeteseka ni mimi peke yangu, donc uvumilie malalamiko yangu, nimeyapanga.

1. Mama yangu anaimba.

Unajua alitoka Lubumbashi kisha kifo ya papa, akakuya kukaa kwetu. Kila asubui alisimama ku dirisha ya cuisine, anaita papa na kasala, mashairi ya sifa ya kwetu: jina yake, jina ya baba yake, mito yenye bakubwa balivuka. Kule Lubumbashi, akiita, parcelle yote, ndugu na majirani, inaitika. Hapa kuliitika frigo, na muungurumo yake. Mimi ni muntu wa masomo, ninajua namna bantu banaishi Ulaya: kila mumoja analia kwake, nyuma ya madirisha ya vioo viwili. Nikamuambia na adabu yote: mama, jirani wa juu analalamika. Akaniuliza: "Analalamika juu ya sauti yangu, ao juu ya papa yako?" Nikasema juu ya sauti.

Akanyamaza. Nyumba ikakuwa nzuri sawa musée. Mama alikaa karibu na radiateur, anaangalia basilique, hasumbui muntu. Mara moja tu aliomba billet ya kurudi Lubumbashi, nikamuambia tutaona. Ni ule mama ninaomba munirudishie.

2. Jirani wa juu hakulalamikaka hata siku moja.

Hapa kalamu inakuwa nzito, Papa Président. Yale malalamiko nilimubunia mimi. Na Mungu, mwenye kupenda mizaha, alikuwa ameweka pale juu Madame Bae, Mukorea mwenye kufundisha pansori, kuimba kwa zamani kwa kwabo. Muntu mumoja anasimama na upepeo mu mukono, mwenzake anakaa chini na ngoma, na ule wa kusimama anaimba hadithi masaa mingi, na sauti ya kukwaruza, sawa muntu anagombana na propriétaire wa nyumba. Kama jirani wako amenyamaza, muntu wa malezi anashukuru. Madame Bae aliteremuka. Akabisha ku mulango na sahani ya matunda ya poires, akaniuliza mbele ya mama, mu français pole pole: "Ile sauti ya asubui, iko wapi? Inagonjwa?"

Mama hakuniangalia. Alimukaribisha mugeni. Mimi nikaenda kutafuta kisu, yenye ilikuwa juu ya meza.

3. Hawa bamama wawili hawana luga moja, na banasikilizana.

Hii ni kinyume cha utaratibu. Mimi na mama tuko na luga mbili pamoja, na angalia fasi tumefika. Kila samedi anapanda kwa Madame Bae. Kule, kusikiliza na kunyamaza ni kuua wimbo. Musikilizaji anapashwa kuitika katikati: "Olsigu," ni kusema endelea, uko unafanya vizuri. Banafunzi Bazungu ba Uccle banakaa mikono ku magoti, sawa ku misa. Mama aliitika siku ya kwanza, ku fasi yenye inafaa, bila kufundishwa. Sasa anaitikia météo ya radio. Anaitikia mahubiri. Mu tram aliitikia contrôleur, na ule muntu akasahau kuniomba ticket.

4. Banatumia jina yangu.

Mama alijitambulisha "Mama Hénock", sawa kwetu. Nilitumaini itabashinda. Hapana: kumbe Korea pia mama anaitwa na jina ya mutoto. Donc affiche ya ile samedi inasema "Mama Hénock, sauti", na iko imebandikwa Chaussée de Wavre yote, kuanzia ku maduka ya bitenge mpaka ku guichet ya kutuma feza. Binti wa guichet aliniuliza kama ni mimi Hénock mwenyewe, mwenye mama ya kuimba. Nikasema ndiyo. Ningesema nini, ni mimi Hénock mwenye kumunyamazisha?

5. Na hii ndiyo kubwa. Samedi, katikati ya programme, Madame Bae atamupa mama nafasi aite papa na kasala, na ngoma ya Kikorea chini yake. Kasala inaomba wa kuitika. Bataitika Bakorea, bantu benye hawakuona papa hata ku photo, na bataitika vizuri kupita mutoto wake wa kuzaa. Hii siwezi kuikalia mu salle.

Kwa hiyo ninaomba umutoshe mama mu programme, ao uombe Bakorea bafanye sanaa ya kunyamaza. Ninajua, mama mwenye kunyamaza aliniomba billet, na huyu wa kuimba haiombi tena. Lakini amani ya nyumba iko na bei yake.

Unisalimie maman wa kwako, batoto, na bote ba mutuelle benye bamelipa salle.

Wako mwenye heshima na haya,
Hénock Ngoy

P.S. Nimesoma hii barua kwa sauti, nione kama virgules ziko fasi yake. Ku namba moja, mama akaitika mu cuisine: "Olsigu." Ku namba mbili, fasi ninaungama, sikumusikia. Nikafikiri amekasirika. Kisha akaanza: jina ya papa, jina ya baba yake. Akasimamia pale, akangojea wa kuitika. Muke wangu Marie-Jeanne alikuwa ku kazi. Frigo nayo ilinyamaza. Nikaitika mimi. Sauti yangu ni mubaya sana, lakini aliendelea.

Upasue barua, Papa Président, na unichungie kiti ya mbele, karibu na ngoma. Jirani wa chini anagonga plafond yake na fagio, chini ya miguu yetu. Huyu sikumubuni.