Malalamiko ya Mudir Aliyezimwa kwa Sababu ya Panya

Kwa Daktari Awut,
Mtafiti wa uvimbe wa matiti katika panya,
Juba.

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini wewe na panya wako mu wazima, isipokuwa wale ambao kazi inawadai wawe wagonjwa. Mimi ni Gerishon, msimamizi wa ghala la mizigo hapa uwanja wa ndege, ambaye wafanyakazi humwita Mudir, yaani mkuu wao, yule aliyekukaribisha siku ulipokuja kuwafundisha wafanyakazi wetu kuhusu saratani. Naandika kwa heshima na kwa uchungu.

1. Ulisema zipo jeni ambazo kazi yake ni kutengeneza protini za kuwasha na kuzima jeni nyingine. Yaani zenyewe zinaamuru tu. Hapo ghala zima likageuka kunitazama.

2. Ukasema jeni moja ya namna hiyo ilipozimwa katika panya, uvimbe wa titi ulipunguza kasi ya kukua. Kesho yake Wol, dereva wa foklifti, aliniambia kwa upole, "Mudir, leo tunakuzima kidogo. Ni utafiti tu." Wakanikalisha kando ya mizani, wakanipa chai. Nikitoa amri wanasema jeni iliyozimwa haina sauti.

3. Nilipomshtakia meneja mkuu, aliuliza kama kuna panya wa kulinganisha naye. Basi Dancan, msimamizi wa zamu ya jioni, ameachwa akiwa amewashwa. Katika zamu yake mizigo imerundikana hadi mlangoni. Katika yangu sakafu inaonekana. Hilo limeniumiza kuliko yote.

4. Ulipoeleza kwamba jeni nyingine za aina hiyohiyo huzuia uvimbe, na zikizimwa uvimbe hukua ovyo, watu walikuwa wameshatoka kunywa chai. Nilibaki peke yangu. Daktari, mimi ni wa kuzuia. Nimezuia likizo, nimezuia mapumziko, nimezuia hata feni.

5. Karani wetu Deqa, ambaye nimemnyima ruhusa ya kwenda hospitali mara nyingi, juzi aliondoka bila kuniomba. Nidhamu ndiyo hiyo imekufa.

Kwa hiyo nakusihi urudi, uwaambie kwa kinywa chako kwamba binadamu si panya. Ulilisema siku ile, nami nililisikia vizuri.

Nisalimie wote wa maabara, wenye mikia na wasio nayo.

Ni mimi, mtiifu ingawa nimezimwa,
Gerishon

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Deqa amerudi. Kumbe alikuwa na kijivimbe kwenye titi, na aliona haya kunieleza mimi mwanamume. Hospitali wamesema ni saratani, ila amewahi, bado ni ndogo, inatibika. Ningekuwa nimewashwa, ningemwambia asubiri mizigo ya Ijumaa iishe. Basi usije, Daktari, wala usinijibu. Nimeitia sahihi ruhusa yake ya kwenda Nairobi kutibiwa. Wol anasema sahihi ya mtu aliyezimwa haina nguvu. Deqa ameichukua hivyohivyo, akaniambia, "Asante, Mzee Gerishon. Kunywa chai yako."